Tunaamkiana Tu

Guangzhou, 12 Aprili 2024

Mama mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Mgongo umepoa? Mimi mzima wa mwili tu.

Vandana unamjua kwa hadithi zangu: jirani yangu wa Kihindi, mtunzi wa riwaya, anayenisomea sura zake tukinywa chai. Kitabu kipya kimetoka. Kinasimulia wake wa wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa, wanavyofungiwa ndani. Wanaume wamewaka. Duka la vitambaa la mume wa Vandana, kule soko la Zhanxi, limesuswa.

Jana mteja wangu mkubwa, Mhindi ninayemsafirishia mizigo Dar, alikuja ofisini kwangu, jengo la Tianxiu. "Yule mwandishi rafiki yako?"

"Simjui. Tunaamkiana tu kwenye lifti."

Kugeuka, Vandana yuko mlangoni, kaniletea kitabu. Nilijibu kwa Kihindi, mama, Kihindi alichonifundisha yeye mwenyewe. Akakiweka juu ya makatoni, akaenda zake.

Mwanao,
Nahla

Unguja, 15 Aprili 2024

Mwanangu Nahla,

Waalaykumu salaam. Mgongo haujambo.

Nimesoma, nikaona haya kana kwamba ulimi ule ni wangu. Ulipougua, si yeye aliyekupikia uji? Barua nzima hukuniandikia kwamba umekwenda kumtaka radhi. Usinijibu mpaka umekwenda.

Mamako,
Bimkubwa

Guangzhou, 9 Mei 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute na afya. Kimya changu ni cha aibu. Kila nilipofika mlangoni pake, niligeuka nikarudi.

Juzi nikabisha. Nikamkuta yeye na mumewe wanafunga mizigo, wanarudi kwao Kanpur, India. Nikamtaka radhi, machozi yananitoka. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Wale wanaume wamenitukana, sikulia," akasema. "Wewe ndiye uliyeniliza. Lakini ulisema kweli, Nahla. Hunijui."

Nikainama nimsaidie kupanga vitabu. "Acha. Nitapanga mwenyewe."

Leo asubuhi wameondoka. Mchana yule mteja akaja. Sikungoja akae. "Nilikudanganya," nikamwambia. "Vandana alikuwa rafiki yangu."

Akanitazama, akapiga simu palepale, mizigo yake akampa wakala mwingine. Nilidhani nitapata wepesi moyoni, mama. Sijaupata. Ningeyasema jana, kabla Vandana hajaondoka, angeyasikia.

Mwanao,
Nahla