Walinzi wa Damu na Chupa ya Mama

Mdogo wangu Karisa,

Ya u hali gani nayaruka, jibu nalijua. Mimi mzima, ila nimechoka. Si kazi. Langoni bandarini Kipevu ni malori yale yale na madereva wale wale wanaoapa kwamba karatasi zimesahaulika nyumbani, nami nawaambia basi na kontena lisahaulike hapo nje. Kilichonichosha ni figo. Lile langu, ulilokaa nalo mwaka na ushei, tukakuzika nalo Kaloleni.

Tangu matanga yaishe, mama amekuwa akisema lilikuwa bovu. Hagombi. Husema taratibu, akichambua mchicha: "Ulimpa umekunja uso, Charo. Halikukaa." Kweli nilikunja uso. Nilikuwa sijala tangu jana yake, na muuguzi akapita na chai ya watu wengine. Lakini nilikuwa nanyamaza, kwa sababu nikijitetea itabidi nieleze lile kopo.

Nililikuta nikikunja nguo zako. Kopo la maziwa ya unga, na ndani vidonge vyako vya miezi miwili, hujavigusa, umevipanga kwa tarehe. Hata kuacha dawa uliacha kwa utaratibu.

Unanijua, nisichokielewa hukitafutia karatasi. Nimesoma vijitabu vyote vya kliniki, nimemsumbua yule dada wa maabara mpaka akiniona anajifanya yuko kwenye simu, nimeandika nyuma ya daftari la lango. Nikueleze, maana damu ilikuwa yako.

Chembe nyeupe za damu ni walinzi, lakini si wa namna moja. Kuna nutrofili, wengi na wenye haraka. Wanafika wa kwanza penye jeraha, wanameza vijidudu, wanakufa hapo hapo. Ule usaha wa mguu wako ulipokanyaga msumari kule Bofu ulikuwa maiti zao. Kuna makrofaji, walaji wakubwa. Wakishamla mgeni hubakisha kipande wakakionyeshe wenzao, kama mimi ninavyobeba karatasi ya mashaka kwa mkubwa wa zamu. Mkubwa wa zamu ni seli T wasaidizi. Hao hawampigi mtu, wanatoa amri tu, na usipowaona kazini utafikiri hawana faida. Wakiamrisha, seli B wanatengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyomganda mgeni yule yule vilivyotengenezewa na si mwingine. Halafu seli T wauaji. Hao hupita wakikagua seli moja moja, na ile yenye alama isiyo ya nyumbani huitoboa. Wako na wa kumbukumbu, waliostaafu wasiende kwao. Surua yako ya utotoni walikuwa bado wanaijua sura. Wako hata wachache ambao kazi yao ni kuwaambia wenzao basi, inatosha. Wachache mno, kama kila mahali.

Sasa figo langu lilikuwa na alama zangu. Tumetoka tumbo moja, tumelala mkeka mmoja, tumeazimana suruali, lakini kwa seli T wako mimi nilikuwa mgeni asiye na karatasi. Siwalaumu. Ningekuwa mimi langoni, ningelirudisha lori.

Ndiyo kazi ya vile vidonge: kuwalegeza hao walinzi, walinde lakini wasilinde sana. Ndipo mafua ya mtaa mzima yakawa yako, na uso ukakuvimba tukawa tunakuita mheshimiwa. Ulicheka mara mbili za kwanza.

Mama akaona. Akasema, "Vidonge gani hivi vinavyomaliza kinga ya mwanangu?" Na kinachonichosha zaidi, Karisa, ni kwamba alisema kweli. Akachemsha muarobaini na mlonge, akajaza chupa ya sharubati, asubuhi na jioni. Ukaacha vya hospitali ukashika vyake, na hukumwambia mtu. Uso ukarudi wako. Mafua yakakoma. Nami nilikuona, nikafurahi, mimi mkaguzi. Kumbe walinzi wameamka wote, wamenikuta ndani.

Majani ya mama sijui yalifanya nini, labda hayakufanya kitu. Kilicholiua figo ni vile vya koponi, usivyovimeza. Ukarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na safari hii hukuwa na nguvu ya kungoja.

Kengele uliyoitegea vidonge kwenye simu yako ndogo bado inalia saa moja asubuhi na saa moja jioni. Mama hataki izimwe. Alidhani uliitegea chupa yake.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza moja kwa moja. Kuitwa figo bovu si kitu, madereva wameniita makubwa zaidi. Lakini yule Sidi, mliyekuwa mkikaa viti vya jirani kwenye mashine mkishindana nani atapata figo akojoe kwanza, amepata figo la shangazi yake. Ametoka hospitali, yuko kwao Changamwe. Anasema nikuambie naye amefika.

Juzi Jumamosi nikamkuta mama mlangoni, kajifunga leso ya kutokea, chupa mkononi. "Naenda kwa Sidi. Wasije wakammaliza kinga na yule."

Nikamwambia, mama, keti kwanza. Nikamweleza walinzi wote, mmoja mmoja, na kwamba mwenye figo la kupewa haongezwi kinga. Anameza vidonge vya hospitali, asikose hata kimoja, maisha yake yote. Kopo sikulitaja. Nikajiona nimepita kwa ujanja.

Mama akatazama chupa. Akauliza, "Karisa alivimeza?"

Nimewahi kudanganya maaskari na mawakala wa mizigo, Karisa, tena asubuhi moja. Kwa mama nikaweza nusu tu. Nikasema uliacha kidogo.

"Kidogo vipi?"

Nikaenda nikaleta kopo.

Alilifungua, akatoa kimoja, akakiweka kiganjani. Hakulia; angelia ingekuwa afadhali. Akasema, "Kwa hivyo figo lako lilikuwa zima."

Nikamwambia lilikuwa zima, mama. Nikamwambia pia kwamba mimi nililala chumba cha pili nisijue, na kwamba wewe ulikuwa mtu mzima mwenye akili zako. Yote kweli. Hakuna hata moja lililomsaidia. Akaenda kuimwaga chupa nyuma ya choo, akaisuuza, akaifudikiza.

Sasa ndiye anayenyamaza yeye, nami nautamani ule mchicha na maneno yake.

Simu yako ilipolia jioni ile, aliiacha ilie mpaka ikome. Kisha akaipangusa kwa pembe ya leso, akanipa. "Mpelekee Sidi. Mwambie ikilia ni vya hospitali."

Nimeipeleka. Sidi ameiweka juu ya meza, karibu na maji. Nakuahidi nitampigia kila ikishalia, hata akinichoka kama yule dada wa maabara. Na mama nitakaa naye, asilibebe lile kopo peke yake.

Lala, mheshimiwa. Lile figo kaa nalo tu, sikudai.

Kakako,
Charo