Kadi Moja Migori, na Sabato Katikati

Oyugis,
Jumatano, baada ya vipindi

Kaka Omondi,

Hujambo, na joto la Voi halijambo? Mguu wa Mama umepoa? Na shemeji, bado anakukemea ukipiga kelele mbele ya kompyuta? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haukai. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu unacheka kabla sijamaliza sentensi, na safari hii nataka unisikie hadi mwisho.

Ujumbe wako niliupata. Kama mechi za Jumapili zitaanza bila mimi, nafasi yangu kwenye timu yetu ya gemu atapewa jirani yetu Mwakio. Niliusoma darasani, Kidato cha Pili wakifanya zoezi, nikajikuta nafuta ubao usio na kitu. Sikulaumu. Timu ya wanne haiwezi kucheza ikiwa na watatu. Lakini Kaka, kiti hicho ni changu. Tangu nilipohamia huku kwao baba kufundisha, hapo ndipo mahali pekee ninapoongea bila kupima maneno. Shuleni mimi ni Mwalimu. Kwa Shangazi mimi ni yule mtoto wa ndugu yake aliyekulia pwani, anayeongea Dholuo, lugha ya kwao baba, kwa kuchechemea. Nikifunga mlango nikavaa vipokea sauti, nikawasikia ninyi mnatukanana kwa upendo, ndipo ninapopumua.

Uliuliza kwa nini nimezembea. Sikuzembea. Mvua za huku huja na radi mchana. Nilizima kompyuta lakini sikuchomoa waya ukutani, na radi ikapitia hapo hapo. Fundi wa Oyugis alinusa kabla ya kufungua. “Mwalimu,” akasema, “hii kadi ya grafiki imeungua. Hapa hakuna cha kutengeneza, ni cha kuzika.”

Nikadhani nitanunua nyingine, basi. Bila kadi ya kuchora picha, kompyuta yangu ni ya kuandikia mitihani tu. Nikaenda Homa Bay mjini. Muuzaji akanitajia bei, nikarudi kujipanga. Niliporudi na pesa, bei ilikuwa imepanda.

“Lakini wiki jana ulisema vingine!”

“Wiki jana ilikuwa wiki jana, madam. Hata hivyo usisumbuke, haipo. Imeenda.”

“Imeenda wapi?”

“Kwani husikii? Hawa wa akili unde. Wananunua viwandani kwa makontena. Sisi tunaokota zinazodondoka.”

Nimelifikiria neno hilo sana. Kuna mtu mahali fulani anazipanga kadi kwenye ghala kubwa kuliko shule yangu, safu kwa safu, ili mashine ijifunze kuandika insha ambazo wanafunzi wangu wataniletea wakidai ni zao. Na mimi ninayeitaka moja tu naambiwa nisubiri zinazodondoka. Wengine waliniuzia maneno matamu juu ya kadi kuukuu zilizochimbishwa sarafu za mtandaoni mpaka feni zake zinakohoa. Nilikataa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakuna wa kukuonea huruma. Friji ikifa, majirani watakupa pole. Kadi ikifa, wanakutazama kama mtu mzima anayelilia mwanasesere.

Shangazi aliponisikia nikitaja bei, aliweka ungo chini.

“Kwa pesa hizo si ungenunua ng’ombe?”

“Ng’ombe hachezi, Shangazi.”

“Ng’ombe anazaa. Hiyo kadi yako inazaa nini?”

Nikamwinulia ungo wake, akaendelea kupepeta. 

Ijumaa iliyopita ndipo Mzee Obiero akanipigia. Ana duka la kompyuta Migori, nilikuwa nimemwachia namba yangu, na ni mzee wa kanisa la Waadventista huko. Kadi moja imemfikia, akasema, nayo ni mpya. “Sitamwekea mtu. Niliwaahidi wawili, na atakayetangulia ndiye atakayeichukua.” Nilimwomba mwenzangu anishikie kipindi cha mwisho, nikaondoka na chaki mkononi. Mvua ilitukalisha Rongo. Nilipofika dukani jua lilikuwa linazama, na Mzee alikuwa amekwisha kuoga, amevaa shati jeupe, anafunga kufuli. Pembeni yake kijana mmoja alikuwa anahema kama aliyekimbia.

“Mzee, nakulipa sasa hivi! Kwa simu!”

“Jua limetua, nyathina, mwanangu. Hakuna kuuza hadi jua la kesho lizame, hata simu yenyewe nimeizima. Sabato njema.”

“Na mimi nimemwambia hivyo hivyo,” yule kijana akasema, “na mimi ndiye niliyetangulia.”

“Mlishuka gari moja,” Mzee akamjibu. “Nimewaona kwa macho yangu.”

Kweli. Alikuwa amekaa kiti cha nyuma yangu tangu Rongo, alikotoka kwa dada yake, na wala sikumjua. Anaitwa Chacha, ana chumba cha gemu Isebania, mpakani. Tuliangaliana, na nikajua hakuna atakayeondoka Migori usiku huo.

Mzee naye alijua. Akatuchukua wote wawili hadi kwake, kwa sababu mgeni halali stendi Sabato ikiingia. Mama wa nyumba alikuwa amepika kila kitu tangu mchana, akatuwekea samaki na kuku nasi tukala. Kila nilipofungua mdomo kuulizia kadi, mama alininyooshea kidole: “Mwalimu. Sabato.” Kesho yake tukaenda kanisani. Unanijua, Kaka, tulivyolelewa na Mama naijua Sabato kuliko Chacha, ambaye ni Mkatoliki. Lakini sijawahi kukaa kwenye benchi la kanisa nikiwa nimejaa tamaa kiasi kile. Wageni wakaombwa kusimama wajitambulishe. Nikasimama.

“Naitwa Adhiambo, natoka Oyugis. Nimekuja kwa shughuli kidogo.”

Chacha naye: “Naitwa Chacha, wa Isebania. Nimekuja kwa shughuli hiyo hiyo ya mwalimu.”

Kanisa zima likacheka, akina mama wakapiga makofi, na mchungaji akasema tutaombewa ndoa njema. Nilitaka ardhi ipasuke.

Alasiri tulikaa nyuma ya kanisa kwenye viti vya plastiki, tunachunga jua.

“Mwalimu, rudi ukasahihishe vitabu,” akaniambia. “Hii kitu waachie wenyewe.”

“Na wewe rudi ukachunge ng’ombe.”

“Nimeuza. Mtamba niliyekuwa nimemlea. Baba hajanisemesha tangu siku hiyo.” Akakitazama kivuli cha kanisa. “Mashine yangu kubwa imekufa. Wateja wamehamia kwa jirani yangu. Nikikaa mwezi mwingine hivi, nafunga chumba.”

Ungetegemea niseme nilimwonea huruma nikamwachia. Sikumwachia. Nilimwonea huruma, ndiyo, na bado niliitaka. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu na havikusukumana.

Jua lilipozama tulikuwa sebuleni kwa Mzee. Familia ikaimba, kisha Mzee akaifunga Sabato kwa sala. Aliombea mvua, wagonjwa, watahiniwa, madaraja, mpaka viongozi wa mataifa. Goti la Chacha lilikuwa likitetemeka mpaka vikombe vinalia. Baada ya amina, Mzee akawasha simu, akasoma ujumbe wa yule anayemletea mizigo, akatikisa kichwa.

“Bei imepanda tena tangu jana. Na anasema nyingine hajui lini. Lakini mlifika Ijumaa, na bei yangu kwenu ni ya Ijumaa. Semeni ninyi, inakwenda na nani?”

“Mimi,” nikasema.

“Mimi,” Chacha akasema.

Kisha nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi naihitaji Jumapili tu.

“Jumapili ndiyo siku ya wateja,” Chacha akaruka.

“Saa nane hadi saa kumi. Tununue nusu kwa nusu. Ikae kwako, ikulishe wiki nzima. Saa hizo mbili ni zangu.”

Alifikiri. “Sawa. Lakini sitafunga mlango. Wakitaka kukuangalia, wanaangalia, na wanalipa.”

Hapo ndipo aliponigusa, ingawa hakujua. Wewe unajua, Kaka. Mimi ambaye nilikuwa nafunika skrini hata wewe ukipita. Mikono yangu haifanyi kazi nikitazamwa. Nilimwangalia Mama wa nyumba kana kwamba atanyoosha kidole tena, lakini Sabato ilikuwa imekwisha. Nikasema sawa.

Jumapili tuliifunga ile kadi kwenye mashine ya Chacha, Isebania. Picha ilipotokea, chumba kikashangilia kwa Kikuria na Kiswahili. Nilijaribu gemu moja. Watu walisimama mgongoni mwangu wakipumua, mmoja ananiambia piga kulia, mwingine anasema “mwacheni mama acheze.” Nilikufa mara tatu kwa upuuzi. Mara ya nne mikono ikakumbuka kazi yake. Sikupenda, na wala sijui kama nitapenda. Tangu siku hiyo sipati usingizi mzuri, nawasikia wakipumua.

Lakini nitakwenda. Jumapili hii saa nane nitakuwa hewani. Utasikia makelele kwenye kipaza sauti changu, watu wakibishana na boda boda zikipita. Usiniambie niyazime, hayazimiki. Niite tu kwa jina, uniambie adui yuko wapi, nami nitakusikia wewe peke yako.

Msalimie Mama, umwambie nilikaa kanisani siku nzima na nikaombewa. Usimwambie niliombewa nini. Shemeji mpe pole kwa kelele zinazokuja. Na Mwakio, jirani yetu mwema, msalimie kwa heshima zote, kisha umwambie kiti kina mwenyewe.

Ni mimi dada yako asiyetulia,

Adhiambo