Godoro la Kabula

Mwaija, acha hiyo mboga iungue, soma kwanza. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Si unakumbuka nesi alisema Kabula akiamka mkavu tumbandikie nyota kwenye kalenda, na tusimfokee? Mume wangu akasema nyota ni za wanajeshi, dawa ya kikojozi ni aibu.

Basi leo asubuhi kambebesha mtoto wa miaka saba godoro akalianike barabarani, Mabatini yote ione!

Mara mama mkwe huyo, katoka Magu na mchele wake kichwani. Shikamoo zetu hata hakuitikia, kamvaa mwanawe moja kwa moja:

"Ndalahwa! Wewe si nilikuanikia godoro mpaka darasa la saba?"

DARASA LA SABA, Mwaija! Mbele ya majirani!

Kabula kamgeukia: "Baba, shika upande huu, tubebe wote."