Foto ya Mufupa Yangu

Siku ya mardi, jua imeshaingia.

Na mi niliwaza kidonda ya muguu ilishapona! Ngozi ilifunga, muguu haiumi hata kidogo. Lakini leo munganga wa hospitali alinionyesha foto ya mifupa: mufupa ya kidole imeoza, imetobokatoboka.

Akaniambia: "Baba, ugonjwa ya sukari iliua maumivu yako. Ile kukosa kuumwa njo ubaya yenyewe."

Ni sawa huku kwetu Kasulo: nyumba inasimama muzuri, kumbe chini batu bamechimba yote, banatafuta cobalt. Naogopa batanikata muguu.

Kesho nitalala ku hospitali. Munganga akaniuliza, "Nani atakulinda na kukupikia?"

Nikajibu bila kuwaza: "Mama Béatrice, muke yangu."

"Bon, akuje na masufuria."

Nilikosa nguvu ya kumwambia kwamba tulishamuzika, tangu mvua ya mwaka jana.