Doa Jeupe Kwenye Ramani Yako

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Mimi mzima, goti tu ndilo linalonuna. Ramani yako ya mafuriko imebandikwa ofisi ya mtaa. Nilisukuma watu nikafika mbele nikasema, "Hizo rangi kazipaka wa kwangu, kwa kompyuta!" Karani akanieleza: kila mstari unapita penye kina kimoja cha maji, na kati ya mistari programu inajaza buluu. Ikikolea, hapo maji yatakuwa mengi, watu wahame kabla ya mvua. Nilivimba kichwa, hadi shangazi yako akanivuta mkono nitulie.

Kisha nikatafuta kwetu. Kandokando kote buluu nzito, uani kwangu hadi kwa jirani peupe kama pengo. Karani akasema, "Hapo hawakupima, bibi." Hawakupima nini? Mpimaji alisimamisha fimbo yake mbele ya banda langu la kuku, na kamba nilimshikia mimi!

Najua ni wewe uliyefuta. Uliogopa nitalia kuiacha nyumba niliyojenga na babu yako. Nimelia, nimemaliza. Lakini jirani yangu, fundi cherehani, ameona weupe ule akadhani amesalimika. Sasa anaongeza chumba, na wanawe bado wadogo. Huruma gani hiyo, we mtoto?

Rudisha vipimo, ujaze rangi, hata iwe nzito kiasi gani. Mimi vyombo nimeshafunga. Na uandike jina lako chini, kubwa, nilisome bila miwani.

Bibi yako, asiyetaka kubembelezwa.