Twiga Bado Yupo

Dada Naomi,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini kwa elimu yangu ya darasa la nne sijui namna nyingine ya kuanza na wewe.

Jumamosi nilikwenda kwenye jiwe letu la michoro. Usiseme, "Huyu akikwambia kaona tembo, tafuta panya." Nilimchukua mwanao Neema awe shahidi, maana hata mimi ningekuwa wewe nisingemwamini mtu kama mimi.

Ukishaiacha Kisongo nyuma, pale nyika inapoanza, siku hizi wametengeneza njia ya wageni. Fupi tu, imepangwa mawe kando. Nilitangulia mimi. Jua lilikuwa kali mpaka mijusi wakawa wanagombea kivuli changu. Neema anasema nilikaa chini mara mbili. Nilikuwa namhurumia yeye.

Lakini wewe nikwambie ukweli. Njia nzima niliogopa nitakachokikuta. Nilikumbuka ulivyonishika mkono pale kitandani: "Nenda kaangalie kama nilimfuta." Tangu usikie redioni kwamba maji yanaharibu michoro ya kale, hukupata raha tena. Na mimi najua yale maji uliyamwaga kwa ajili ya nani. Tulikuwa watoto, nami nalia kwamba simwoni twiga aliyechorwa pale. Ukalitua dumu kichwani, ukalirushia jiwe maji ya nyumbani, twiga akang'aa mwekundu kama katoka kuoga. Mama akakuchapa kwa maji yaliyopungua. Hukunitaja.

Basi tulipofika nikafumba macho. Mama mmoja anayeongoza wageni pale akadhani nasali. Neema akanivuta shati. "Mjomba, si huyo?"

Yupo, dada. Shingo ile ile, mkia ule ule. Miguu imefifia kidogo, kama yetu sote. Nilipatazama sana pale maji yalipopita, nikasogea mpaka nikaambiwa nirudi nyuma. Rangi imeshika. Na yule mtu mdogo mwenye kichwa kikubwa, uliyesema ni mimi, bado anamfuata twiga wake. Nikakaa chini, hiyo ni mara ya tatu, machozi yakaja. Nikawaambia ni vumbi. Neema akatoa kitambaa chako, kile cha maua, akanipa.

Hapa nyumbani Sokon wameshasikia habari. Nimewaambia tulimkuta chui kalala chini ya mchoro, akaniona, akaondoka kwa adabu. Chui nimemweka mimi. Twiga sijamgusa. Huyo namsimulia kama alivyo, na nitaendelea hivyo mpaka tuonane.

Wajukuu zako nitawapeleka likizo. Chupa zao za maji zitabaki zimefungwa, nakuahidi. Nitawaonyesha twiga, halafu nitawaambia nani alinionyesha mimi.

Ulitaka jibu, nimechelewa kulileta. Sasa pumzika, dada. Hukumfuta.

Mimi mdogo wako,
mwenye kichwa kikubwa.