Mwaka wa Kuswali Bila Mtu Mbele Yangu

Mzee Sadala Maganga, mchinjaji wa Katandala, Sumbawanga

Baba Zamda, mwaka umetimia tangu mchana ule uliporudi kutoka buchani ukisema kifua kinabana, ukaomba maji, ukajilaza, na hukuamka tena. Tangazo hili ni la familia nzima, lakini binti yako Zamda, ambaye yuko Mpanda kwa mumewe, kanisukumia mimi kalamu. Alisema, "Mama, wewe ndiye uliyekaa naye. Andika wewe." Basi naandika, na wanaosoma watusamehe tukizungumza hata mambo ya ndani.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuja kutoka Tabora ukiwa kijana, ukafungua bucha Katandala, ukazeekea hapo. Huku kwetu Wafipa wengi ni Wakatoliki, lakini mwenye shughuli hapendi mgeni wake hata mmoja aondoke na njaa, kwa hiyo humtafuta Mwislamu ashike kisu ili wote wale sahani moja. Walikutafuta wewe. Harusi, kipaimara, jubilei za mapadri, ulikwenda kwa baiskeli, na magoti yalipogoma ukawa unapanda bodaboda ya Jastin. Ndivyo tulivyokutana. Ulikuja kijijini kwetu Kaengesa kuchinja ng'ombe wa harusi ya kaka yangu Oswaldi, na mimi, nikiitwa Evodia wakati huo, nikakuletea maji ya kunawa. Ukasema Bismillahi hata kwa yale maji. Nikacheka. Mwaka uliofuata nilikuwa Stumai, mke wako.

Ulikuwa mtu wa mazoea, na mimi nilikuwa mtu wa kukucheka. Kiatu cha kulia kwanza, hata kama mvua inaingia ndani na ndoo zimejaa. Bismillahi ya kufungua kufuli, Bismillahi ya kufungua soda. Ukipiga chafya, Alhamdulillahi yako iliwashtua kuku. Mlango wa choo ulipokatika bawaba nikakuomba uutengeneze, ukajibu Inshallah. Baada ya mwezi nikauliza tena, ukajibu Inshallah. Nikakwambia, "Baba Zamda, Mungu alishapenda zamani, sasa penda na wewe." Ulicheka mpaka ukakaa chini, na ukautengeneza siku hiyohiyo.

Alfajiri za Sumbawanga mwezi wa sita zinauma, wewe mwenyewe unajua. Uliamka kabla ya adhana, ukawasha jiko, ukachemsha maji, kisha ukaja kusimama mlangoni mwa chumba. "Stumai, maji yamepata moto." Nilitawadha nikinung'unika, nikasimama hatua moja nyuma yako, ukasoma, nikafuata. Baada ya swala tulibaki tumekaa palepale. Subhanallah thelathini na tatu kwa pingili za vidole, halafu Alhamdulillahi, halafu Allahu Akbar, wewe ukitaja kwa sauti ndogo na mimi nikienda na sauti yako. Miaka thelathini na moja tulifanya hivyo. Sikuwahi hata siku moja kuhesabu mwenyewe, na sikuona kwamba kuna ubaya.

Kuna jambo hukupenda tulisimulie, lakini leo huwezi kunizuia. Ilikuwa kipaimara huko Kaoze, na mbuzi walikuwa watatu. Ulichinja wa kwanza, ukachinja wa pili. Kwa yule wa tatu mwenye shughuli alikuwa anakusimulia jinsi viwavi walivyomaliza mahindi yake, na wewe unaitikia, pole, pole sana. Ukachinja. Kisha ukabaki umechuchumaa na kisu mkononi, hunyanyuki. Ukamgeukia Jastin aliyekuleta.

"Jastin, umenisikia nikitaja jina la Mungu?"

"Mzee, mi nilikuwa kwenye simu," alisema. "Lakini utaachaje kutaja? Si ndo zako siku zote?"

"Hilo ndilo linalonitisha," ukamjibu.

Uliwaambia wenye shughuli kwamba mbuzi yule aende kwa wageni wengine, Waislamu wasile. Walikutania wee, "Mzee Sadala, mbuzi ni mbuzi bwana!" Jioni imamu akakwambia kwamba aliyesahau hana dhambi na nyama ile ni halali, ungekula tu. Hukubishana naye. Ulirudi nyumbani umenyong'onyea, ukakaa ukingoni mwa kitanda na koti lako bado mwilini.

"Stumai," ulisema, "mazoea ni punda. Anabeba mzigo vizuri sana, lakini hajui kabeba nini. Mwenye mzigo akilala, punda atafika hata na gunia tupu."

Tangu siku hiyo, kabla ya kila mnyama ulinyanyua mkono wa kushoto na kusubiri kidogo, hata kama watu wana njaa na wapishi wanakuna vichwa. Ulitaka uwepo kwanza, ndipo utaje. Watu wa Kaengesa waliuzoea mkono ule. Ulipopanda, wapiga ngoma walinyamaza, na wanakwaya pia, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mimi nilikuona na nikajivunia, lakini somo lenyewe sikulichukua. Nilidhani ni la wachinjaji.

Kisha ukaondoka. Siku za matanga nyumba ilijaa, na watu walipoaga, asubuhi ya kwanza nikiwa peke yangu niliamshwa na jua usoni. Alfajiri ilikuwa imepita. Nililala nikisubiri uniite, Baba Zamda. Hiyo ndiyo aibu yangu na naiandika hapa wazi. Mtu mzima, mwenye wajukuu, sikujua kuamka mwenyewe kwenda kuswali.

Zamda akaniwekea adhana kwenye simu. Iliniamsha kweli, lakini simu haisemi maji yamepata moto. Mdogo wangu Bertila aliposikia jinsi ninavyolia kwenye simu alifunga nyumba yake Kaengesa, akaja kukaa na mimi eda yote, miezi minne na siku kumi. Alikuja na rozari yake na blanketi zito. Ndiye aliyenigongea kila alfajiri. "Dada, amka bwana. Mzee wako saa hizi angekuwa kashamaliza." Kisha yeye alikaa kwenye kigoda na rozari yake, na mimi kwenye mswala, kila mmoja akinong'ona ya kwake.

Siku za mwanzo nilitandika miswala miwili, wako mbele, wangu nyuma. Bertila aliuliza mara moja tu, "Huo wa mbele wa nani?" Nikamwambia ni wako. Akatikisa kichwa, na kesho yake alipofagia aliupita pembeni asiuguse. Mimi nilisimama nyuma ya mswala mtupu na nilipofika kwenye kusoma nilisubiri, maana mdomo wangu ulizoea kusikia kwanza. Niliyajua maneno yote. Lakini niliyajua kama mtu anayejua njia akiwa nyuma ya mwingine, na aliyetangulia akikata kona haonekani.

Eda ilipokwisha mvua zilikuwa karibu na Bertila alihitajika shambani. Kaka Oswaldi akaja mwenyewe kunichukua. "Twende nyumbani, mdogo wangu. Mtu ni watu. Hapa Katandala unabaki kuongea na sufuria." Nilikwenda. Walinipa chumba kizuri, na Oswaldi alikuwa ameshatoa kitanda kwenye ukuta wa kaskazini ili nipate pa kuswalia. Nilimuuliza kibla kakijulia wapi. Akasema, "Shemeji kachinja hapa miaka yote akimwelekeza mnyama huko, sisi si vipofu."

Hakuna aliyenizuia kuswali Kaengesa. Laiti wangenizuia, ningeshikilia kwa meno. Walinipenda tu. Asubuhi tulikwenda kupanda mahindi, mchana mtu anasimulia kisa kitamu nikaona vibaya kuondoka katikati, alasiri wageni wanafika na shikamoo zao. Nilisogeza swala kidogo, kesho kidogo zaidi. Siku moja, ilikuwa Jumatano, tumekaa uani na mawifi tunapepeta ulezi, jua likazama, na nikagundua kwamba sikuwa nimeswali adhuhuri wala alasiri. Wala sikuwa nimeumia.

Niliogopa kuliko siku ya kukuzika. Siku ya kukuzika niliondokewa na wewe. Jumatano ile niliona naanza kuondokewa na vyote ulivyoniachia, na hakuna atakayevilia kwa sababu hakuna pale anayevijua isipokuwa mimi. Nikajiuliza swali ambalo sijamwambia mtu mpaka leo: miaka thelathini na moja mimi niliswali, au nilikufuata wewe tu?

Niliingia chumbani, nikatandika mswala mmoja. Nikaswali zilizonipita na ile ya magharibi, na mahali pa kusubiri sauti yako sikusubiri. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba na mbaya, Baba Zamda, ungecheka. Kisha nikakaa na vidole vyangu. Nilipotea kwenye ishirini na kitu. Nikaanza upya, nikapotea tena. Mara ya tatu nilifika thelathini na tatu, na nikalia mpaka wifi akagonga kuuliza kama ninaumwa.

Asubuhi nikasema ninarudi Katandala. Kaka Oswaldi alikasirika, na hasira yake yote ilikuwa upendo.

"Unarudi kwa nani, Evodia? Kule kuna nani?"

Nilimshika mikono nikamwambia asante, kaka, na nitakuja Pasaka. Alinifungia kuku kwenye kikapu bila kunitazama. Jastin akaja kunichukua, na njia nzima hakuwasha redio yake, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilifika kabla ya magharibi. Nilifungua kufuli, nikasukuma mlango, nikasema, "Asalamu alaikum." Halafu nikasimama pale kizingitini na kikapu mkononi. Nilisimama muda mrefu, mpaka jirani kutoka ng'ambo ya barabara akauliza, "Mama Zamda, kuna tatizo?" Nikasema hakuna. Nilikuwa nasubiri uitikie.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwaka wetu wa kwanza ulinifundisha salamu nyingine. Ulisema Mwislamu akiingia nyumba isiyo na mtu asiingie kimya, nyumba hiyo nayo ina salamu yake. Nilikucheka, nikauliza nani huyo anayesalimia kuta. Niliikariri ili uninyamazie, nikaiacha hapo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuitumia, kwa sababu kila niliporudi nyumbani, ulikuwepo, au tuliingia pamoja na wewe ukatangulia kuisema.

Nikaisema kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Asalamu alaina, wa ala ibadillahi swalihina. Amani iwe juu yetu, na juu ya waja wema wa Mwenyezi Mungu.

Hakuitika mtu. Nikaingia.

Dua itasomwa Ijumaa hii baada ya alasiri, nyumbani kwako Katandala. Wa msikitini karibuni, na wa parokia karibuni, chakula ni sahani moja.

Unakumbukwa na mkeo Stumai, mwanao Zamda na mumewe na wajukuu zako huko Mpanda, shemeji zako Oswaldi na Bertila wa Kaengesa, ndugu zako wote wa Tabora, na Jastin wako wa bodaboda. Nyumba ni kubwa sana bila wewe, Baba Zamda, na hatutakuficha hilo. Lakini kila siku tutakayopewa, tutakutaja.